Mtihani wa GMAT: namna ya kujibu maswali ya kupima hoja

Vijana wengi wa Goma, Bukavu, Bunia na Butembo wanaomaliza lisansi wanatafuta bursa ili waendelee na masomo ya biashara ku inchi za inje. Wakifungua fomu ya chuo, mara nyingine wanakuta sharti moja: leta matokeo ya GMAT. Ni mtihani wa Kiingereza, unafanyikia ku ordinateri, na bei yake inapita dola 200. Kwa familia nyingi za hapa kwetu, pesa kama hiyo haitoki mara mbili. Si kila chuo kinaudai, basi uliza kwanza mbele ya kulipa. Lakini kama chuo chako kinaudai, kuko sehemu moja inayoshangaza hata mtu anayejua Kiingereza vizuri: maswali ya kupima hoja. Leo tunaieleza.

Mtihani wenyewe unaendaje?

Tangu mwisho wa mwaka 2023, GMAT iko na sehemu tatu, na kila moja inachukua dakika 45: hesabu, lugha, na kusoma takwimu. Alama zinaanzia 205 zinafika 805. Maswali ya kupima hoja yako ndani ya sehemu ya lugha, yenye maswali 23. Ukigawanya dakika 45 kwa maswali 23, unaona kila swali linapata chini ya dakika mbili.

Mwenye kupita Exetat amezoea kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa. Tofauti ni hii: ku Exetat, swali la historia ao la kemia linakuomba kukumbuka kile mwalimu alifundisha. Hapa hakuna cha kukumbuka. Wanakupatia maneno mafupi ya mtu anayetoa hoja, swali moja, na majibu matano. Kila kitu unachohitaji kiko mbele ya macho yako.

Hoja iko na vipande vitatu

Kipande cha kwanza ni hitimisho, maana yake kile mtu anataka ukubali. Cha pili ni sababu anazoleta. Cha tatu hakiandikwe: ni jambo ambalo amelichukua kuwa kweli bila kulisema. Tulilinganishe na kilalo juu ya mto. Sababu ziko ngambo hii, hitimisho liko ngambo ile, na kile asichosema njo kilalo anachopitia. Maswali mengi yanakuuliza habari ya kile kilalo: kikomeshe, kikomboe, ao kitaje jina.

Kwa hiyo soma swali kwanza, kisha maneno. Ukijua kama wanataka uvunje hoja ao uitie nguvu, utasoma ukijua unatafuta nini. Tuone kwa mifano tuliyojitungia.

Mfano wa 1: kuvunja hoja

Ku kata moja ya mji, walitundika taa za jua barabarani. Katika miezi sita iliyofuata, wizi wa usiku uliopelekwa polisi ulishuka nusu. Mkubwa wa kata anasema: taa njo zimefukuza wezi. Jibu gani linavunja hoja yake zaidi?

A. Taa zilinunuliwa kwa bei kubwa kuliko ile iliyopangwa.
B. Ku kata za jirani zisizo na taa, wizi wa usiku ulishuka kwa kiasi kile kile katika miezi ile ile.
C. Wakaaji wengi wanasema wanajisikia salama wakipita penye taa.
D. Wezi wa usiku wanapendelea fasi yenye giza.
E. Wizi wa mchana haukubadilika ku ile kata.

Hitimisho: taa njo sababu. Ushahidi: wizi ulishuka kisha taa kuwekwa. Kilalo: hakuna kitu kingine kilichoshusha wizi wakati ule.

A inasema juu ya bei. Bei inaweza kuwa ubaya mkubwa, lakini haituambie kama taa zilifukuza wezi. C ni namna watu wanavyojisikia, haihesabu wizi. D inasaidia mkubwa wa kata. E nayo inamsaidia kidogo, juu taa haziwake mchana. Inabaki B: kama wizi ulishuka hata kule pasipo taa, basi kuko sababu nyingine, pengine doria mpya ao kundi la wezi lililokamatwa. Jibu ni B.

Angalia vizuri: B haionyeshe kwamba taa hazina faida yoyote. Inatikisa hoja tu. Ku swali la namna hii hawakuombe kuimaliza kabisa hoja, wanakuomba jibu linaloidhoofisha kuliko yale mengine. Kosa lililomo ndani ya hoja hii ndilo linarudia sana: jambo moja kufuata lingine si kusema la kwanza limezaa la pili.

Mfano wa 2: kilalo kilichofichwa

Shirika moja linasema: wamama wa soko waliojiandikisha wenyewe ku mafunzo ya hesabu ya biashara wanapata faida kuliko wale ambao hawakujiandikisha. Kwa hiyo, tukilazimisha wamama wote wafuate mafunzo, faida ya wote itapanda. Hoja hii inasimama juu ya jambo gani lisilosemwa?

Jibu: kwamba tofauti ya faida haikutoka ku jambo lililokuwako tayari mbele ya mafunzo.

Kuko njia ya kuhakikisha. Chukua jibu unalolifikiria, uligeuze liwe kinyume, kisha utazame kama hoja inaanguka. Tuseme wamama waliojiandikisha walikuwa na mtaji mkubwa na faida kubwa tangu zamani, na mafunzo hayakuongeza kitu. Je, hitimisho linasimama? Hapana, linaanguka. Basi ile dhana ilikuwa ya lazima. Kama ungeligeuza jibu na hoja ikabaki imesimama, ungejua jibu hilo si lenyewe. Mfano, mtu angejibu: "mafunzo yalifanyikia karibu na soko." Geuza: yalifanyikia mbali. Hoja haitikisike hata kidogo. Litupe.

Mfano wa 3: kinachotoka kwa lazima

Shule ya kwanza ilipeleka wanafunzi 20 ku mtihani, wakafaulu 18. Shule ya pili ilipeleka 200, wakafaulu 120. Ya kwanza iko na asilimia 90, ya pili asilimia 60. Swali linauliza: ni nini lazima kiwe kweli?

Jibu moja linasema shule ya kwanza ilitoa wenye kufaulu wengi zaidi. Ni uongo: 18 ni kidogo kuliko 120. Mtego njo ule wa kuchanganya asilimia na idadi. Jibu lingine linasema walimu wa shule ya kwanza ni bora. Inawezekana, lakini hakuna fasi imeandikwa; pengine shule inachuja wanafunzi ku mlango. Jibu la tatu linasema walioanguka ku shule ya pili ni wengi kuliko wote waliofanya mtihani ku shule ya kwanza. Walioanguka ni 80, na shule ya kwanza ilipeleka 20. Ni kweli, hata kama linaonekana kuwa dogo na bila utamu. Ku maswali ya namna hii, jibu la kweli mara nyingi ni lile la kiasi. Ujihadhari na maneno kama "wote," "kamwe," "peke yake," kama ndani ya maandishi hakuna kitu cha kuyabeba.

Namna ya kujizoesha

Wenye kutunga mtihani wanatoa mitihani miwili ya mazoezi bila malipo ku intaneti. Usiifanye siku ya kwanza. Anza polepole, bila saa, ukiandika kwa kila jibu juu ya nini unalitupa. Ukizoea, njo uweke saa. Siku ya mtihani, swali likikukamata, chagua jibu, uliwekee alama, uendelee. Ukimaliza sehemu na dakika zikibaki, unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu matatu, hayapite hapo. Kuacha maswali bila jibu mwishoni kunashusha alama.

Mtu asiyefikiria kwenda inje anaweza kufaidika pia. Kila juma tunapokea ku simu sauti zinazosema: "kijiji fulani wamekimbia, basi vita imefika," ao "dawa fulani inaua, juu mutu alikunywa akafa." Tafuta hitimisho, tafuta sababu, uliza kilalo ni nini. Watu wanaweza kuwa wamekimbia juu ya maji ya mto. Yule mgonjwa angeweza kufa na ugonjwa wenyewe.

Lakini kuko tofauti moja ya kukumbuka. Ku mtihani, unalazimika kukubali sababu zilizoandikwa kuwa kweli, unapima tu kama zinafikisha ku hitimisho. Ku sauti ya simu, hata ile sababu inaweza kuwa ya uongo: pengine hakuna aliyekimbia, ao sauti ni ya miaka mitatu iliyopita. Basi huko unapima mara mbili: kwanza nani ameona, wapi na lini, kisha kama alichoona kinafikisha kule anakotaka kutupeleka. Mbele ya kufunga mizigo ao kuacha dawa ya mtoto, dakika mbili za kuuliza si nyingi.