Anemoni wa baharini ndani ya tangi la nyumbani: anakula nini, na kwa nini wengi hufa mapema?

Kila tunapozungumzia bahari katika kipindi cha asubuhi, hakukosi msikilizaji anayeuliza kuhusu yule mnyama anayefanana na ua, mwenye minyiri laini inayocheza na maji, ambaye samaki wadogo wa rangi ya chungwa hujificha ndani yake. Swali huwa ni lile lile: naweza kumfuga nyumbani? Na nikimfuga, nimpe nini ale?

Anafugika. Lakini chakula, ambacho wengi huuliza kwanza, ndicho jambo dogo zaidi katika yale yanayomweka hai. Wanaomuua anemoni kwa njaa ni wachache kuliko wanaomuua kwa maji mabaya, na mara nyingi maji hayo huharibiwa na chakula chenyewe.

Ni mnyama, si mmea

Anemoni ni jamaa wa yavuyavu na matumbawe. Hana ubongo wala mifupa. Ana tundu moja tu katikati, na hilo hilo ndilo la kulia na ndilo la kutolea uchafu. Minyiri yake imejaa vijimishale vya sumu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufyatuka anapoguswa. Samaki klauni, wale ambao watoto huwaita Nemo, hawadhuriki kwa sababu ute wa miili yao huwakinga.

Anemoni wa bahari zenye joto kama yetu ana siri nyingine. Ndani ya mwili wake kunaishi mwani mdogo sana wa seli moja. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari, kisha humgawia mwenyeji wake. Sehemu kubwa ya nguvu za anemoni hutoka huko, kwa hiyo ukimweka kwenye tangi lenye taa hafifu atadhoofika hata kama unamlisha kila siku. Taa za tangi la matumbawe ndizo zinazomfaa. Balbu ya sebuleni haitoshi.

Mwani ukimtoka, anemoni hugeuka mweupe. Ndilo jambo lililoyapata matumbawe mengi ya pwani yetu mwaka 1998, joto la Bahari ya Hindi lilipopanda kupita kiasi. Ukimwona dukani anemoni mweupe pe, usivutiwe na weupe wake. Huyo ni mgonjwa. Na mwenye rangi kali ya manjano au zambarau isiyo ya kawaida huenda alitiwa rangi ili auzike.

Maji kwanza

Tangi jipya halimfai. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo si kali sana, lakini bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuota, na tangi zima huchukua miezi kutulia. Wafugaji wazoefu hushauri kungoja miezi sita hadi mwaka kabla ya kuingiza anemoni. Najua ni kusubiri kwingi kwa mtu aliyekwisha kununua tangi.

Chumvi iwe kama gramu 35 kwa kila kilo moja ya maji, joto kati ya nyuzi 24 na 27, na vyote viwili visipande na kushuka. Hapa kuna kosa ambalo wengi hulifanya bila kujua. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa sababu ya joto, lakini kinachopaa ni maji matupu, chumvi hubaki. Ukijazia kwa maji ya bahari, chumvi inazidi kila wiki. Unapaswa kujazia maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa vizuri, si ya mfereji yenye klorini.

Sisi wa pwani tuna kishawishi cha kuteka maji baharini. Yanafaa yakitoka mahali safi, mbali na mitaro na bandari. Msimu wa mvua, karibu na midomo ya mito, chumvi hupungua sana, kwa hiyo pima kabla ya kumimina.

Halafu kuna stima. Umeme ukikatika, pampu husimama na hewa ndani ya maji hupungua, na tangi dogo halivumilii saa nyingi. Pampu ya hewa inayotumia betri ni ya lazima katika miji yetu.

Sasa, chakula

Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Mpe kipande cha kamba, kome, ngisi au samaki mbichi, kisicho na chumvi wala viungo, kisichozidi ukubwa wa mdomo wake. Kama kilikuwa kwenye friza, kiyeyushe kwanza. Kisogeze polepole kwenye minyiri kwa koleo refu la plastiki. Akikitaka, ataking'ang'ania na kukipeleka mdomoni mwenyewe. Akikiacha, kiondoe. Usimsukumie.

Kipande kikubwa humshinda, na baada ya siku moja au mbili hukitapika kikiwa kimeoza, maji yakaharibika. Ukiona anatoa utando wa kahawia mdomoni na mwili umenywea, usiogope. Hivyo ndivyo anavyojisafisha, na baada ya saa chache atafunguka tena. La kuogopesha ni mdomo unaobaki wazi siku nzima, au minyiri inayomomonyoka. Akifa, mtoe siku hiyo hiyo, kwa sababu mzoga wake huweza kuua kila kilicho ndani ya tangi.

Anemoni pia hutembea. Asipopapenda mahali alipo, hung'oa mguu wake na kwenda kutafuta pengine, na njiani huweza kufyonzwa na pampu. Funika mdomo wa pampu kwa sponji kabla hujamleta. Akishajishika kwenye jiwe usimvute, kwani mguu ukichanika huoza. Dawa za samaki zenye shaba nazo ziweke mbali na tangi hilo, maana zinazomponya samaki humuua yeye.

Anaweza kuishi muda gani?

Mwaka 1828, mtaalamu wa viumbe wa Uskoti, John Graham Dalyell, alimchukua anemoni mmoja ufukweni na kumweka kwenye chombo cha kioo. Alikuwa wa aina ya maji baridi, isiyotegemea mwani. Dalyell alifariki mwaka 1851, lakini mnyama huyo, aliyepewa jina Granny, yaani Bibi, alipita mkono hadi mkono mjini Edinburgh, akibadilishiwa maji ya bahari na kulishwa kome. Alikufa mwaka 1887, baada ya miaka 59 kizuizini, akiwa amezaa watoto mamia.

Kwa hiyo anemoni mkubwa unayemwona mwambani maji yakipwa huenda ana umri wa miaka mingi. Ukimbandua, samaki klauni waliomtegemea hubaki bila makao. Ndani ya hifadhi za taifa za baharini kama Watamu, Malindi na Kisite, hairuhusiwi kuchukua kiumbe chochote, na nje ya hapo biashara ya viumbe wa mapambo huhitaji leseni. Anayetaka kufuga kweli atafute aina iitwayo kisayansi Entacmaea quadricolor, ambayo minyiri yake huvimba ncha kama kibofu. Ni mvumilivu kuliko wenzake, na hujigawa mara mbili ndani ya tangi, hivyo mfugaji mmoja huweza kumpa mwingine bila mtu kugusa mwamba.

Na kama kilichokuvutia ni wale samaki, huhitaji anemoni hata kidogo. Baharini humhitaji awafiche na maadui. Ndani ya tangi lisilo na maadui, samaki klauni huishi, hula na hutaga mayai bila yeye.