Filme inapotuuzia siri: tujue pale ushahidi unafikia

Mangaribi moja ku Kamalondo, upande wa stade ya TP Mazembe, vijana walikuwa wamezunguka simu moja. Video ilionyesha muzungu mwenye kuvaa nguo nyeupe, picha za kale, na muziki wa kuogopesha. Mumoja akasema: “Munaona? Njo vile balileta SIDA na chanjo. Miye niliona na macho yangu.” Mama mumoja mwenye kubeba mutoto ku mugongo alisimama akasikiliza.

Huyu kijana hakuona chanjo. Aliona filme. Hayo ni mambo mawili, na leo tunaeleza tofauti.

Kipande kile kilikatwa ku Cold Case Hammarskjöld, filme ya Mads Brügger wa Danemark, yenye ilitoka mwaka 2019. Inaanza na jambo lenye linatugusa sisi watu wa Katanga. Usiku wa tarehe 17 kuamukia 18 mwezi wa 9 mwaka 1961, ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mukuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, Zambia ya leo. Alitoka Léopoldville kwenda kuzungumuza na Moïse Tshombe, ili mapigano ya hapa Katanga yasimame. Watu wote 16 walikufa, mumoja wao kisha siku chache ku hospitali.

Kujiuliza kama ndege iliangushwa haiko wazimu. Umoja wa Mataifa ulimupa Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa jaji mukuu wa Tanzania, kazi ya kuchunguza tena. Ripoti yake ya 2017 ilisema inawezekana ndege ilishambuliwa ao kutishwa kutoka inje. Alisema “inawezekana”, akaomba serikali kubwa zifungue karatasi zao za siri. Pale njo ushahidi ulifikia.

Na sisi tunajua siri za kweli ziko. Patrice Lumumba aliuawa hapa karibu, Shilatembo, tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Serikali ya Katanga ilitangaza kwamba alitoroka, wanakijiji wakamuua. Ilikuwa uongo. Mutu mwenye alidanganywa vile, roho yake iko tayari kuamini siri ingine yoyote.

Filme ya Brügger inapita mulango huo. Kutoka ku ndege, inaingia ku kikundi cha Afrika ya Kusini chenye kuitwa SAIMR, kisha ku shahidi Alexander Jones, mwenye anasema kikundi kilitaka kuwapatia weusi virusi vya SIDA kupitia chanjo za uongo. Wataalamu walijibu kwamba jambo hilo karibu haliwezekani: virusi hivyo ni vigumu sana kuvikuza na kuvihifadhi, na kunaombwa vyombo vya laboratwari kubwa. Gazeti la New York Times liliandika pia kwamba maelezo ya Jones yalikuwa yanabadilika kadiri alivyoulizwa.

Sasa, sababu gani tunaamini? Juu ya namna filme inatengenezwa.

Ya kwanza ni kuunganisha picha. Ukionyesha ndege yenye kuungua, kisha sura ya mutu, kisha sindano, kichwa cha mwenye kuangalia kinafunga hayo matatu pamoja. Hakuna mutu alisema “hiki kilileta kile”. Wewe mwenyewe njo umesema, na neno lako unaliamini kuliko la mwingine.

Ya pili ni kuchanganya picha za kweli na za kutengeneza. Ku Marekani, Oliver Stone alifanya vile katika JFK mwaka 1991: aliweka picha za kweli za 1963 pamoja na picha za waigizaji zenye alizifanya zifanane na za zamani. Kisha dakika chache, huwezi tena kutofautisha.

Ya tatu ni muziki na sauti ya chini. Mwili unaogopa kwanza. Akili inatafuta sababu ya woga nyuma.

Ya ine ni swali bila jibu: “Na kama ilikuwa kweli?” Swali halidanganyi, lakini linabakia ndani ya kichwa sawa jibu.

Filme nzima ikikatwa kuwa dakika mbili za simu, inakuwa mbaya zaidi. Mashaka yanatoka, sindano inabakia.

Na hii haiko muchezo. Mwaka uleule wa 2019 surua ilianza kuwaka katika inchi yetu, na mwanzoni mwa 2020 Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu zaidi ya 6 000 wenye walikufa. Wengi walikuwa watoto. Surua iko na chanjo.

Kwa hiyo, ndugu, video ya siri ikifika ku simu yako, uliza: Hii picha ilipigwa wakati gani, na ni ya kweli ao ya kuigiza? Nani anasema, na kuna mwingine mwenye anahakikisha? Mwenye kujua kazi ile alisikilizwa? Zima sauti, angalia tena: nini inabakia?

Tuendelee kuomba ukweli juu ya Lumumba na Hammarskjöld. Ni haki yetu. Lakini yule mama wa Kamalondo, kabla ya kukataa chanjo ya mutoto wake, apite ku santé aulize muganga. Siri ya 1961 isiue mutoto wa leo.