Ufa Haujui Mpaka wa Jirani

Mwaka huu tumeona tuzungumzie nyufa za mwamba, kwa kuwa wengi wetu tuna baba, kaka au mjomba anayeshuka duarani, kuanzia Kahama mpaka Nyarugusu. Bado tunakumbuka Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, wachimbaji watano walipotolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi.

Tuanze na karatasi ya daftari. Kateni kwa wembe michano miwili midogo, sambamba, mmoja juu kidogo ya mwingine na kando yake. Kisha vuteni karatasi polepole kutoka juu na chini. Kila mchano utakua, na ncha zinapokaribiana zitapinda kuelekeana. Karatasi hukatikia hapo.

Jambo hili huwaumiza vichwa wataalamu wa mafuta na gesi huko Marekani. Wao huchimba visima vinavyoshuka, kisha vikalala na kwenda kilomita mbili au tatu ndani ya mwamba. Maji yenye mchanga husukumwa kwa nguvu kubwa hadi mwamba upasuke, na mchanga hubaki ukizuia ufa usijifunge. Kisima kipya kikiwa karibu na cha zamani, hapo ndipo penye kazi. Ufa uliofunguka huubana mwamba wa kando yake, hivyo ufa wa jirani hudumaa au hupinda. Tena, mahali palipokwisha kunyonywa gesi pamelegea, basi ufa mpya hukimbilia huko huko, na maji yakaibukia katika kisima cha mwenzake. Kwa hiyo hukadiria kwanza kwa kompyuta: mwamba hugawanywa vipande vidogo, kila kipande hupimwa kimebanwa kiasi gani na ni kigumu kiasi gani, kisha ufa husogezwa hatua kwa hatua. Hesabu hizi hukosea pia, maana hakuna aliyeuona mwamba wote kwa ndani.

Katika ukanda wetu wa dhahabu hatuna visima hivyo, lakini maji na nyufa tunavyo. Maji yaliyojaa ndani ya ufa wa kina cha mita 10 husukuma kuta zake, kule chini, kwa nguvu ya kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Mita 30 ni kilo tatu. Mvua ndiyo pampu yenyewe. Januari 2024 wachimbaji 22 walifukiwa na kufariki Ikinabushu, Bariadi, wilaya iliyokuwa mkoa wa Shinyanga hadi 2012, na ilikuwa wakati wa mvua kubwa. Baruti nayo hutoa gesi inayoingia katika ufa wa zamani na kuurefusha, wala ufa hauulizi duara ni la nani.

Wachimbaji wa Mererani njia zao zikikutana chini huita mtobozano. Mwaka 1998 maji ya mvua yaliua makumi ya watu huko, yakipita kutoka shimo moja kwenda jingine.

Matimba hushika paa, hayazuii ufa unaotokea kwa jirani. Kinachosaidia ni kuacha ukuta mnene wa mwamba kati ya maduara, na kuambiana kila mmoja amefika wapi na atalipua saa ngapi. Wengi hufanya siri, wakiogopa jirani asijue dhahabu imeelekea upande gani.