Swichi Zinazoitika: Kuunda Chumba cha Rubani Ndani ya Kompyuta

Chumba cha rubani kinachobofyeka ni kile ambacho mtumiaji wa simyuleta ya ndege hukiendesha kwa kipanya: anawasha betri, anageuza ufunguo wa injini, anavuta kishikio cha mafuta, na ndege inaitikia. Microsoft Flight Simulator ya 1982 iliendeshwa kwa kibodi, na dashibodi yake ilikuwa ya kutazamwa tu. Leo mtumiaji hutarajia kila swichi anayoiona ifanye kazi.

Kwa mwanagenzi wa Makongeni, mjini Thika, mwenye laptopu ya mtumba (ex-UK), mahali pazuri pa kuanzia ni FlightGear. Simyuleta hiyo hailipiwi, na faili zake ziko wazi, hivyo anaweza kufungua ndege ya Cessna 172P iliyomo na kusoma jinsi kila swichi ilivyotengenezwa. Cessna 172 ndiyo ndege wanayojifunzia wanafunzi wengi wa urubani katika Uwanja wa Wilson, Nairobi. Kazi ya skrini basi ina kitu halisi cha kulinganishwa nacho.

Hatua ya kwanza ni umbo. Kila kinachosogea huchorwa kama kipande chake chenyewe katika programu kama Blender, kikapewa jina na mhimili wake. Mhimili ukikaa kombo hata kidogo, swichi huyumba kama jino linalong'oka.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha kazi, na ndipo wengi hukosea. Mwanzoni mtu hudhani kwamba kubofya kunapaswa kuisogeza swichi. Sivyo. FlightGear huweka hali zote za ndege katika mti mmoja wa thamani: betri imewashwa au imezimwa, mafuta yamefunguliwa kiasi gani, flapu ziko wapi. Mbofyo hubadilisha thamani, kisha picha ya swichi huisoma thamani hiyo na kuifuata. Kwa mpango huo, betri ikiwashwa kwa kibodi au kwa kifaa kilichochomekwa, swichi ya skrini nayo husogea. Picha ikijisogeza yenyewe bila kufuata thamani, siku moja itaonyesha betri imewashwa ilhali imezimwa, na mwanafunzi atakuwa amefundishwa uongo.

Ufunguo wa injini unaonyesha ugumu ulipo. Una nafasi tano: kuzima, magneto (kizalisha cheche) ya kulia, ya kushoto, zote mbili, na kuwasha. Nne za kwanza hukaa pale zilipoachwa. Ya tano ina springi: mkono ukiachia, ufunguo hurudi kwenye magneto zote mbili. Kwa hiyo mbunifu huandika amri mbili, moja ya kitufe cha kipanya kinapobonyezwa na nyingine kinapoachiliwa. Akiisahau ya pili, stata itaendelea kuzungusha injini bila kukoma. Wala swichi haipaswi kukagua kama betri ina umeme. Hiyo ni kazi ya mfumo wa umeme wa ndege. Ufunguo hugeuka hata betri ikiwa imekufa, ila injini hukaa kimya, kama ilivyo kwenye ndege yenyewe.

Kishikio chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa hakitaki mbofyo wa kuwasha na kuzima. Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na Thika nayo iko mita 1,500 hivi. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi, na injini inayopewa mafuta kamili hupoteza nguvu. Rubani hukivuta kishikio taratibu kabla ya kuruka hadi injini izunguke vizuri. Kwa hiyo thamani yake lazima ipite ngazi nyingi ndogo kati ya 0 na 1. Kwenye uwanja wa Mombasa, karibu na bahari, kasoro ya kishikio cha kuwasha na kuzima tu isingeonekana haraka. Hapa bara huharibu somo zima.

Kisha kuna suala la mkono. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliona kwamba marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakikunja magurudumu baada ya kutua, wakidhani wameshika flapu. Vidhibiti hivyo vilifanana na vilikaa karibu. Akapendekeza viwe na maumbo tofauti: cha magurudumu kiwe na gurudumu dogo la mpira, cha flapu kiwe kama kabari. Vidole havihisi umbo kupitia kipanya, hivyo jicho na sikio hubeba mzigo huo: kielekezi hubadilika, maandishi madogo hutaja kidhibiti na thamani yake, na mlio husikika.

Eneo la kubofya nalo huwa kisanduku kisichoonekana, kikubwa kuliko swichi, lakini kisichogusa cha jirani. Kwa kuwa wengi hutumia padi ya laptopu isiyo na gurudumu la kuzungushia, ni busara nusu ya kushoto ya kisanduku ipunguze na ya kulia iongeze.

Jaribio la mwisho ni orodha ya ukaguzi ya rubani. Ndege huanzishwa ikiwa baridi, umeme umezimwa, kisha kila mstari hutekelezwa kwa kipanya pekee hadi injini iwake, na hatimaye orodha hurudiwa kinyume hadi kila kitu kizimike. Mstari wowote unaolazimu mkono kurudi kwenye kibodi unaonyesha kidhibiti ambacho bado hakijakamilika.