Vipaji tele Kibera na Kawangware, ila pa kuvinolea ni haba

KAWANGWARE na Kileleshwa ni mitaa ya eneobunge moja, Dagoretti Kaskazini. Lakini kengele ya jioni ikilia, watoto wake hushika njia tofauti. Kwa mzazi anayejiweza Kileleshwa, huo ndio wakati wa mwanawe kujifunza piano, kuogelea au kuunda roboti. Kawangware, wengi huenda kuchota maji, kulea wadogo wao au kumsaidia mama kibandani.

Kibera nako mambo ni yale yale. Si eti mtaani hakuna vichwa. Kinachokosekana ni saa mbili za jioni, mahali pa kukutania na mtu mzima wa kumwambia mtoto, "Wewe una kitu. Kesho rudi."

Alipopatikana mtu kama huyo, matunda yalionekana.

Baleti bila studio

Mike Wamaya amefundisha densi ya baleti Kibera bila studio yenye vioo. Madawati yalitolewa nje, sakafu ikafagiwa, na wanafunzi wakacheza miguu mitupu mle mle walimosomea hesabu. Mwaka 2017 mwalimu huyo aliingia kumi bora duniani katika tuzo ya Global Teacher Prize, ambayo mshindi wake hutuzwa dola milioni 1.

Kuna pia vijana wa Map Kibera. Kabla ya 2009, ramani za intaneti zilionyesha mtaa huo kama pahali karibu patupu. Mwaka huo vijana wa Kibera walibeba vifaa vya GPS, wakapita vichochoroni wakinakili zilipo shule, kliniki na sehemu za maji, kisha wakaziweka kwenye OpenStreetMap. Hiyo ni jiografia, hesabu na kompyuta kwa pamoja, na hakuna aliyehitaji maabara ya mamilioni.

Mwaka uo huo, shirika la SHOFCO, lililoanzishwa na Kennedy Odede mtaani humo 2004, lilifungua shule ya wasichana isiyotoza karo.

Njia panda ya Gredi ya 10

Kwa nini jambo hili ni la dharura sasa? Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, CBC, waliingia Gredi ya 10. Huko kila mmoja hufuata mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo.

Hapo ndipo kiatu kinapobana. Asiyewahi kushika brashi ya rangi atajuaje kama ni mchoraji? Aliyesoma sayansi kwa kukariri tu, bila hata jaribio moja, atachagua mkondo huo kwa msingi gani? Shule nyingi za Kibera na Kawangware ni za kijamii, za mabati, zisizo na uwanja wala maabara. Mzazi anayehangaika kulipa karo ndogo ya hapo huona shughuli za ziada kuwa anasa. Matokeo yake, mtoto huchagua gizani.

Ufanye nini?

Kama uko shuleni, mwombe mwalimu aandikishe shule yenu kwa tamasha za muziki, zilizoanza 1927, au za drama na mashindano ya sayansi. Hizo huanzia ngazi za chini kabisa, na huhitaji kuwa wa shule kubwa ili ujaribu.

Mzazi, mpe mwanao jioni moja tu kwa wiki bila kazi za nyumbani. Samaki mkunje angali mbichi.

Nawe uliyemaliza KCSE na unakaa tu mtaani ukingoja chuo, kama unajua chesi, gitaa au kompyuta, kusanya watoto watano ploti yenu uanze nao. Mwalimu mkuu naye awaachie darasa Jumamosi. Hata hivyo huwa limefungwa tu.