Skrubu ya Sailensa Haibani Mafuta

Skrubu ya mchanganyiko kwenye kabureta hupanga petroli inayoingia kwenye injini gari likiwa sailensa, mguu ukiwa haujagusa pedali ya mafuta. Kazi yake inaishia hapo. Hata hivyo, kuanzia Bunju hadi Bagamoyo mjini, mwenye Land Rover 109, Peugeot 504 au Datsun ya zamani bado huingia gereji na ombi lilelile: “Fundi, nibanie mafuta, gari linakula sana.” Fundi huchukua bisibisi, hukaza skrubu nusu mzunguko, na kazi inahesabiwa imekwisha. Haijaanza.

Kabureta ya Zenith 36 IV, iliyofungwa kwenye Land Rover nyingi za petroli za toleo la tatu (1971–1985), ina njia mbili za petroli zinazohusika hapa. Ya kwanza hupita kwenye jeti ndogo na kutokea kwenye tundu lililo upande wa injini wa kipepeo (kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa), ambako mvuto ni mkali kipepeo kikiwa kimefungwa. Skrubu hukaa kwenye tundu hilo. Ya pili huanzia kwenye jeti kubwa: dereva akikanyaga mafuta, kipepeo hufunguka, mvuto kwenye njia ya kwanza hulegea, na hewa inayokimbia kwenye koo la kabureta huvuta petroli kutoka njia kuu. Jeti kubwa ni kipande cha shaba chenye tundu lililopimwa kiwandani. Haina skrubu ya kukaza wala kulegeza. Gari linapokwenda kilomita 70 kwa saa kati ya Mapinga na Kiromo, karibu petroli yote hupita huko. Anayekaza skrubu ya sailensa ili apunguze ulaji wa safari anafunga koki ya uani huku bomba la barabarani linamwaga.

Imani kwamba skrubu hubana mafuta haifi kwa sababu inatoa ushahidi wa papo hapo. Skrubu ikikazwa, harufu ya petroli kwenye ekzosi hupungua, na mteja huondoka ameridhika. Lita hazikupimwa, si kabla wala baada. Kesho yake injini inazima kwenye foleni. Fundi anapandisha sailensa kwa skrubu nyingine, ile inayosukuma kipepeo. Kipepeo kinabaki wazi kupita kiasi, na skrubu ya mchanganyiko haiitiki tena hata ikizungushwa. Dereva naye anaendesha choki ikiwa nusu na kupiga resi kila anaposimama. Ulaji unapanda. Skrubu iliyokazwa kwa nguvu hujulikana ikitolewa: ncha yake, inayopaswa kuwa laini na kuchongoka, ina pete iliyochimbika ambayo ukucha hukwama ndani yake. Hiyo haipangiki tena; inabadilishwa.

Wala mafuta wa kweli wanajulikana: choki isiyofunguka yote, boya lililo juu mno, chujio la hewa lililoziba, taimingi iliyochelewa, na jeti iliyozibuliwa kwa waya hadi tundu likapanuka. Jeti huzibuliwa kwa upepo. Pwani kuna jingine: chumvi ya bahari hugandisha pistoni za breki, na gari linalosafiri likiwa limeshikwa breki litakula mafuta hata likifungwa kabureta mpya.

Kupanga skrubu kwenyewe ni kazi fupi. Plagi, pointi na taimingi ziwe sawa kwanza, injini iwe ya moto, choki iwe wazi. Skrubu izungushwe ndani taratibu mpaka iguse, kisha irudishwe mzunguko mmoja na nusu. Injini iwashwe, skrubu izungushwe polepole hadi mlio uwe wa kasi na laini zaidi, sailensa ishushwe, kisha hatua hizo zirudiwe. Skrubu isipoitika, jeti ndogo imeziba, au hewa inaingia kwenye gaskiti ya manifoldi au mhimili wa kipepeo uliolika.

Kabureta za SU za Morris na Mini ni habari tofauti: nati ya chini hushusha au kupandisha jeti yenyewe, hivyo hugusa mwendo wote. Mwinuko nao una mambo yake: gari lililofungiwa jeti za Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, hupungukiwa petroli likishuka Bagamoyo. Dawa yake ni jeti kubwa ya kipimo sahihi.

Ulaji hupimwa kwa tangi: kujaza mpaka juu, kwenda Msata na kurudi, kilomita 128 hivi, kisha kujaza tena pampu ileile. Zenith iliyochoka ibadilishwe gaskiti na pete zake za mpira, mfuniko uliopinda usawazishwe, au ifungwe kabureta ya Weber 34 ICH, ambayo hula kidogo na kupunguza nguvu kiasi. Asiyetaka kupoteza nguvu abaki na Zenith iliyotengenezwa vizuri, na skrubu iachwe ilipopangwa.