Una ofa mbili za PhD ya fedha? Pima haya kabla ya kusaini

Kijana wa Litembo, Mbinga, aliyesomeshwa kwa kahawa, amepata ofa mbili za PhD ya fedha: moja Dar es Salaam, nyingine Marekani. Achague ipi?

Nani analipa?
Vyuo vingi vya Marekani humfutia ada mwanafunzi wa PhD ya fedha na kumpa posho, naye husaidia kufundisha au kutafiti. Soma barua vizuri: posho ni ya miaka mingapi? Masomo huchukua kama miaka 5. Ikikatika mwaka wa 3, nyumbani wauze shamba?

Nani anasimamia?
Ukitaka kutafiti mikopo ya wakulima wa AMCOS, msimamizi anayejua hisa za New York tu atakupa shida. Waulize wanafunzi wake: wanamaliza lini, wanaajiriwa wapi?

Muda je?
Marekani unaanza na masomo ya darasani kama miaka 2 na mtihani mgumu, ndipo utafiti. Uingereza ni miaka 3 hadi 4, na utafiti huanza mapema.

Usikurupuke
Vyuo vya Marekani vilivyosaini makubaliano ya Aprili 15 vinakupa hadi tarehe hiyo kujibu ofa yenye ufadhili.

Na ukirudi?
Cheti cha nje kinahitaji kutambuliwa na TCU. Ofa ya Dar haina usumbufu huo, na wakulima wa kuwahoji uko nao nchi moja. Ila kama haina ufadhili, piga hesabu ya ada mpaka mwaka wa mwisho, siyo wa kwanza tu.